Wazee wa Walter Brennan

Mwongozaji wa filamu Howard Hawks alipenda kusimulia alivyokutana na mwigizaji wa Marekani Walter Brennan mwaka 1935, alipokuwa akitafuta mtu wa nafasi ndogo kwenye filamu ya Barbary Coast. Brennan aliletwa akiwa ameshavalishwa nguo za mhusika, akapewa mistari aisome. Kabla hajafungua mdomo akauliza: nayo au bila? Hawks akashangaa, nayo nini? Meno. Brennan akageuka pembeni, akayachomoa meno yake ya bandia, akarudi na kusoma. Kazi iliyopangwa kumchukua siku 3 ikaendelea wiki baada ya wiki, maana Hawks kila alipomwangalia alipata kitu kingine cha kumpa afanye. Mhusika mwenyewe anaitwa Old Atrocity, mzee mchafu wa bandari ya San Francisco enzi za dhahabu, na kila anapoingia macho ya mtazamaji yanamwacha steringi na kumfuata yeye.

Wanaomjua Brennan kwa jina humjua kwa tuzo zake 3 za Oscar za mwigizaji msaidizi, kwa filamu za 1936, 1938 na 1940. Alikuwa mtu wa kwanza kufikisha Oscar 3 za uigizaji, na hakuna mwingine aliyewahi kupata 3 katika kipengele hicho. Halafu huongezwa, kwa sauti ya kumpunguza, kwamba kura alizipata kwa maekstra wenzake, wale watu wa kujaza nyuma ya waigizaji. Suala la kura nitalifikia. Lakini mazungumzo yakiishia hapo, kazi yenyewe inasahaulika. Brennan alicheza wazee kwa zaidi ya miaka 30, na ukiwapanga wazee hao mmoja baada ya mwingine utaona kwamba wale wazuri hawafanani. Kila mmoja amejengwa kwa vipande vyake: meno, mguu, koo, shingo, na kitu cha kushika mkononi. Pale aliporudia vipande vilevile, kazi ilidhoofika, na hilo pia linaonekana wazi.

Kwanza tuondoe dhana moja. Huyu hakuwa kauboi. Alizaliwa tarehe 25 Julai 1894 Lynn, Massachusetts, mji wa viwanda ulio pwani ya mashariki, katika familia ya asili ya Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi, naye mwenyewe alisomea ufundi katika shule ya Rindge huko Cambridge. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta kijana, akapelekwa Ufaransa na kikosi cha mizinga cha 101. Alikuwa akisema kwamba ile sauti yake nyembamba yenye mkwaruzo ilitokana na gesi ya sumu aliyoivuta huko. Baada ya vita alioa, mwaka 1920, mke mmoja hadi kufa, akahamia Los Angeles na kuingia kwenye biashara ya ardhi wakati mji ule ulikuwa unapanuka kwa kasi. Alitajirika. Bei zilipoanguka katikati ya miaka ya 1920, utajiri ukayeyuka, akawa na mke na watoto wa kulisha. Ndipo alipokwenda studio kutafuta kibarua cha ekstra.

Ekstra ni yule mtu anayejaza barabara, baa na mahakama nyuma ya waigizaji wenye majina. Hollywood ya wakati ule ilikuwa na maelfu yao, na vurugu za kuwaajiri mlangoni zilizidi mpaka mwishoni mwa 1925 studio zikaanzisha ofisi moja ya kuwagawia kazi, Central Casting. Malipo yalikwenda kwa siku na kwa madaraja: dola 3, 5, 7.50, hadi 10, kutegemea unaombwa nini. Mwenye suti yake ya usiku iliyonyooka alilipwa zaidi ya anayesimama kwenye kundi la wakulima. Anayekubali kuanguka kutoka juu ya farasi aliongezewa. Brennan alizunguka katika mfumo huu karibu miaka 10. Alikimbia kwenye makundi, alipigwa ngumi, alipanda farasi, na katika ajali ya kazini mwaka 1932 alipigwa usoni akapoteza meno mengi. Mwigizaji anayetafuta nafasi za kijana mtanashati angekuwa ameishia hapo. Yeye alikuwa na miaka 38, nywele zinapungua, sauti ya mzee, na sasa mdomo ambao angeweza kuubadilisha umbo atakavyo.

Mlango ulifunguliwa na nafasi ndogo sana, ya dereva wa teksi anayetafuna tumbaku kwenye The Wedding Night ya King Vidor, 1935. Steringi alikuwa Gary Cooper, ambaye naye alianza kama ekstra katikati ya miaka ya 1920. Prodyuza Samuel Goldwyn alipoona vipande vilivyopigwa, akampa mkataba. Hapa inafaa kuelewa mkataba wa namna hiyo ulifanyaje kazi, kwa sababu ndio ulioamua tunachokiona. Mwigizaji alilipwa mshahara wa wiki uliokwisha kuafikiwa. Goldwyn alitengeneza filamu chache kwa mwaka, kwa hiyo watu wake aliwaazimisha kwa studio nyingine kwa bei kubwa kuliko mshahara anaowalipa, na tofauti ikabaki kwake. Ndiyo maana Brennan yuko kwenye Fury na Northwest Passage za MGM, Kentucky ya Fox, Sergeant York ya Warner. Studio iliyomwazima haikumtaka Brennan aje kujaribu mambo. Ilimtaka aje na mzee aliyekamilika, asimame kwenye alama, amalize, aondoke. Shinikizo hilo lilimfundisha kufika na mhusika akiwa tayari.

Sasa meno, maana ndiko kwenye utajiri. Mtu akitoa meno yote, sura haibadiliki kwa makunyanzi tu. Midomo inazama ndani, kidevu kinapanda kuelekea pua, mashavu yanabonyea, na sehemu ya chini ya uso inapungua urefu. Kamera ikiwa karibu, hakuna rangi ya usoni inayoweza kufanya hivyo. Maneno nayo yanabadilika. Herufi s inakuwa na upepo, f na v zinalegea, na msemaji analazimika kupunguza kasi ili aeleweke. Kwa hiyo uamuzi wa nayo au bila unaamua umri, na unaamua pia mwendo wa mazungumzo. Brennan bila meno hawezi kumjibu mtu harakaharaka. Anajibu baada ya kutafuna hewa kidogo, na katika ile nafasi ndogo mtazamaji anacheka.

Hasara zake zipo. Maikrofoni za miaka ya 1930 zilikuwa zinapata shida na herufi laini, na mwigizaji asiye na meno anaweza kumeza nusu ya sentensi. Pia huwezi kupiga sehemu moja na meno na sehemu nyingine bila halafu mhariri aziunge, sura hazitakutana. Ukishaamua asubuhi, umeamua tukio zima. Na kuna hatari kubwa kuliko zote: mtazamaji akishacheka kwa ajili ya mdomo, hatasikia tena maneno. Ndiyo sababu nafasi zake nzito zaidi karibu zote alizifanya na meno. Daktari wa mifugo na mzika maiti kwenye Bad Day at Black Rock ya 1955 ana meno. Mchungaji Pile kwenye Sergeant York, 1941, nafasi iliyompa uteuzi wake wa nne wa Oscar, ana meno na nyusi nzito zinazofanya kazi ambayo mdomo ungefanya.

Hawks peke yake ndiye aliyefanya meno kuwa hadithi. Kwenye Red River, iliyopigwa 1946 na kutoka 1948, Brennan ni Groot, mpishi wa msafara wa ng'ombe kutoka Texas. Mwanzoni anacheza karata na Mwindi mmoja, mwenyeji asilia wa Amerika, aitwaye Quo na kushindwa, na dau alilopoteza ni meno yake ya bandia. Quo anayafunga na kuyaweka. Kila chakula kikiiva, Groot anamfuata kuomba meno, anakula, anayarudisha. Kwa filamu ya zaidi ya saa 2 iliyojaa mauaji na uchungu wa baba na mwana, kichekesho hicho kinarudi mara chache tu, na kila kinaporudi kinatueleza safari imefika wapi na watu wamechoka kiasi gani. Na kuna faida ya kiufundi ndani yake: Brennan amepata sababu halali, ndani ya hadithi, ya kuwa na nyuso mbili katika filamu moja.

Mguu. Alijua kuchechemea kwa namna nyingi, na hapa ndipo utaona akili ya mtu aliyesomea ufundi. Stumpy wa Rio Bravo, 1959, ana mguu mmoja usiokunja vizuri, kwa hiyo anatupa nyonga kwanza kisha mguu unafuata. Eddie wa To Have and Have Not, 1944, hana kilema chochote. Ni mlevi. Mwendo wake ni wa kurukaruka kwa vipande, kama mtu ambaye mwili unampelekea taarifa kwa kuchelewa. Mtazame akishuka ngazi au akipita mlangoni: bega linatangulia, kichwa kinatikisika, mguu unakuja mwisho. Katika picha za mwisho kabisa, Lauren Bacall anatoka kwenye baa akitikisa nyonga kwa mdundo wa bendi, Humphrey Bogart pembeni, na nyuma Eddie amebeba mizigo anafuata kwa mdundo uleule na mwendo wake uleule mbovu. Mlevi amekuwa mcheza dansi bila kubadilisha hatua hata moja. Sijaona mwigizaji msaidizi mwingine aliyefunga filamu namna hiyo akiwa nyuma ya mastaa wawili wakubwa.

Eddie ana pia lile swali lake analowatupia wageni, kama wamewahi kung'atwa na nyuki mfu. Ni upuuzi wa mlevi, lakini ndani ya filamu linafanya kazi ya mizani. Wanaolipuuza hawamheshimu. Bacall analijibu kwa kumrudishia swali lenyewe, na papo hapo tunajua huyu ni mtu wa kundi letu. Hivi ndivyo mwigizaji msaidizi mzuri anavyomsaidia steringi: hamsifii, anampa kitu cha kujibu, na jibu linamfunua.

Sauti yake watu wanaiiga kirahisi, ule mlio wa puani unaopanda mwishoni, na kwa sababu inaigika wanadhani alikuwa nayo moja. Hapana. Swan Bostrom kwenye Come and Get It, iliyomletea Oscar ya kwanza, ni mkata magogo kutoka Sweden katika misitu ya Wisconsin, na Brennan anapanda na kushuka ndani ya kila sentensi kwa lafudhi ya watu wa huko. Kuna tukio la fujo kwenye baa ambapo yeye, Edward Arnold na Frances Farmer wanarusha sinia za chuma kuvunja vioo, na furaha yake ni ya mtoto. Baadaye rafiki yake, anayechezwa na Arnold, anamwacha mwanamke huyo, Farmer, kwa ajili ya fedha, Swan anamwoa, na sauti ileile ya kuchekesha inapungua nguvu bila lafudhi kubadilika. Filamu iliongozwa na Hawks mpaka alipogombana na Goldwyn, ikamaliziwa na William Wyler, na mishono inaonekana. Brennan ndiye kitu kimoja kisichoyumba pande zote mbili.

Kuhusu kura. Kipengele cha waigizaji wasaidizi kilianza na tuzo za filamu za 1936, zilizotolewa Machi 1937 katika hoteli ya Biltmore, Los Angeles, kwa hiyo Brennan ndiye mwanamume wa kwanza kabisa kuipata. Wasaidizi hawakupewa sanamu. Walipewa bamba la ukutani, na iliendelea hivyo mpaka sherehe ya 1944. Katika miaka hiyo haki ya kupiga kura ilipanuliwa hadi kwa wanachama wa vyama vya wafanyakazi wa filamu, wakiwemo maekstra, ambao walikuwa wengi kuliko kundi lolote. Brennan alikuwa mwenzao, walimjua kwa jina, wengine walikuwa wameshiriki naye sandwichi kwenye foleni. Bila shaka walimbeba. Baadaye maekstra waliondolewa kwenye upigaji kura, na ushindi wake wa mara 3 hutajwa kuwa mojawapo ya sababu.

Maoni yangu kwa kila tuzo ni haya. Ya 1936 alistahili. Ya 1938, kwa Kentucky, hapana. Anacheza Peter Goodwin, mfugaji wa farasi wa mbio ambaye kwa hesabu ya filamu yenyewe amepita miaka 75, huku Brennan mwenyewe akiwa na 44. Kama kazi ya kujizeesha ni ya ajabu, lakini mhusika ana hali moja tu: anafoka kuanzia mwanzo hadi anapofia uwanjani baada ya farasi wake kushinda Kentucky Derby. Mwaka huo John Garfield alikuwa ameteuliwa kwa Four Daughters, kazi iliyoleta aina mpya ya kijana mwenye uchungu kwenye filamu za Marekani, na ndiye angepaswa kushinda. Ya 1940, kwa The Westerner, naona ni mojawapo ya Oscar zilizotolewa kwa haki zaidi katika historia ya kipengele hicho.

The Westerner iangalie kwa makini. Wyler anaongoza, Gregg Toland yuko kwenye kamera, na Brennan ni Roy Bean, hakimu aliyejiteua mwenyewe Texas, anayeendesha mahakama ndani ya baa yake na kuwanyonga watu kati ya glasi moja na nyingine. Gary Cooper ni msafiri aliyeletwa kwa kosa la kuiba farasi. Cooper alisita kuichukua nafasi hiyo kwa sababu aliposoma maandishi aliona filamu ni ya hakimu. Alisoma sawasawa. Bean anamhusudu mwigizaji wa jukwaani Lily Langtry, ambaye hajawahi kumwona, na ukuta wa baa umejaa picha zake. Cooper anaokoa shingo yake kwa kudai kwamba ana kishungi cha nywele za Lily alichokiacha mahali.

Kuanzia hapo mtazame Brennan anapolitaja jina la Lily. Muuaji anakuwa mvulana. Macho yanakimbia, mikono haijui pa kukaa, sauti inashuka chini ya ile tuliyoizoea. Cooper hafanyi karibu chochote, anangoja, na Brennan anajaza nafasi yote anayoachiwa. Wanalewa pamoja, wanaamka kitanda kimoja mkono wa hakimu ukiwa juu ya mgeni wake, na hakimu bado anaweza kumnyonga jioni. Mwishoni Bean ananunua tiketi zote za ukumbi ambao Lily ataonekana, anavaa sare yake ya zamani ya jeshi la Kusini, anaketi peke yake katikati ya viti vitupu. Pazia linafunguka, na aliyesimama jukwaani ni Cooper na bastola. Brennan alicheza sekunde hizo bila mzaha hata kidogo, na ndiyo sababu zinauma. Ni mtu mbaya, amechoma nyumba na mashamba ya watu, nawe unatamani angeachiwa dakika 5 na huyo mwanamke.

Ukitoka hapo nenda moja kwa moja kwa My Darling Clementine ya John Ford, 1946, uone akiondoa kila kitu. Mzee Clanton, baba wa majambazi wa mji wa Tombstone, hana kichekesho, hana kilema, hana mdomo uliobonyea. Ana meno, ndevu, kofia na mjeledi. Umri nao ni wa kughushi kabisa: Grant Withers, anayecheza mwanawe Ike, alizaliwa 1905, yaani Brennan alimzidi miaka 11 tu. Hutakumbuka hilo ukitazama, kwa sababu Brennan amebadilisha kitu kimoja, utulivu. Wazee wake wengine wote wanahangaika. Huyu hatikisiki.

Tukio lenyewe liko hivi. Vijana wa Clanton wamemtesa mwigizaji mlevi ndani ya baa, Wyatt Earp, msimamizi wa sheria wa mji anayechezwa na Henry Fonda, amewaingilia na kuwanyang'anya silaha mbele ya watu. Baba anaingia, anaomba radhi kwa adabu, sauti ya babu mwema, vijana wamekunywa kidogo bwana. Earp anaondoka. Brennan anabaki ameelekea mlango mpaka hatua zimepotea, kisha anageuka na mjeledi unaanza kuwashukia wanawe wenyewe, na baada ya hapo anawapa funzo moja fupi: ukichomoa bastola, ua mtu. Hakuna anachokifanya usoni. Ule uungwana wa nusu dakika iliyopita haukufutika taratibu, ulizimwa. Brennan na Ford hawakuelewana kabisa wakati wa kupiga filamu hiyo na Brennan hakufanya naye kazi tena, na wapo wanaosema chuki yao imo ndani ya Clanton. Mimi naona maelezo ni rahisi zaidi: Ford hakumruhusu hata kimoja cha vifaa vyake, na alipobaki mikono mitupu akaonyesha vilikuwa vimefunika nini.

Kinyume chake ni Stumpy. Rio Bravo ilipigwa 1958 na Brennan alikuwa anaingia miaka 64, hivyo kwa mara ya kwanza umri wake na wa mhusika ulikutana. Stumpy amefungiwa ndani ya jela ndogo na bunduki ya marisau, amlinde mfungwa, na amri aliyopewa ni kumpiga yeyote atakayeingia bila kujitambulisha. Analalamika filamu nzima. Sherifu hamshukuru, hamtumi nje, hamwambii kitu. Kazi ya malalamiko hayo ni kupima muda: kila tunaporudi jela, Stumpy ameongeza dai moja, nasi tunajua kungoja kumekuwa kurefu. Dean Martin, mlevi aliyeamua kujisafisha, anarudi ameoga, amenyoa, ana nguo mpya, na Stumpy anafyatua kwa sababu hajamtambua. Ni kichekesho na ni karibu mauaji, na sherehe ya mtu kurudisha heshima yake imeharibiwa na rafiki anayempenda. John Wayne, ambaye ndiye sherifu, akichoshwa na manung'uniko, anambusu kwenye upara, na mzee anamfukuza kwa ufagio. Wayne hakuwa mtu wa kufanyiwa hivyo na waigizaji wengi.

Katikati ya hao wapo wengi wa kupita haraka. Muff Potter kwenye The Adventures of Tom Sawyer. Mwelekezaji wa safari kwenye Stanley and Livingstone ya 1939, ambayo inamfikisha Spencer Tracy hadi Ujiji lakini inawaacha Waafrika kuwa pazia la nyuma tu, na Brennan mwenyewe hana la kufanya zaidi ya kuchekesha. Profesa mzalendo wa Prague kwenye Hangmen Also Die! ya Fritz Lang. Ben kwenye The Far Country, rafiki wa James Stewart, ambaye anaponzwa na mapenzi yake ya kahawa: ananunua zaidi ya anayohitaji, adui wanaelewa kwamba kuna safari inaandaliwa. Huyo Ben usimpite.

Kilichoharibika ni televisheni, ingawa ndiyo iliyomtajirisha. The Real McCoys ilianza ABC mwaka 1957, ikamalizia CBS 1963, vipindi 224. Brennan ni Babu Amos, mkulima aliyehamia California kutoka West Virginia. Vipindi vya mwanzo ni vizuri. Lakini kipindi cha nusu saa kila wiki kinahitaji mtu anayetambulika ndani ya sekunde 3, kwa hiyo Amos alichechemea vilevile, alipandisha sauti vilevile, wiki hadi wiki. Waandishi walianza kumwandikia mlio badala ya mawazo. Kuanzia hapo watu walimjua Brennan kama huyo mmoja, na hata alama zake kwenye filamu za zamani zikaanza kuonekana kama mwigo wa Amos, wakati Amos ndiye aliyekuwa mwigo. Mwaka 1962 alitoa pia wimbo wa kuzungumza, Old Rivers, uliofika nafasi ya 5 kwenye chati ya Billboard. Ni mzee yuleyule, ila kwa dakika 3 anavumilika.

Siasa zake lazima zitajwe kwa sababu hakuzificha. Alikuwa wa mrengo wa kulia kabisa, aliwaunga mkono wagombea urais Barry Goldwater 1964 na John Schmitz 1972, na aliamini kwamba harakati za haki za raia Weusi zilikuwa njama ya wakomunisti. Ule wema wa babu wa mashambani uliouzwa kwenye televisheni haukuwafikia majirani wote. Anayempenda kwa kazi yake, kama mimi, anapaswa kulijua hilo na kulitamka.

Fedha zake aliziweka kwenye ardhi tena, safari hii kwa uangalifu: ranchi ya ekari 12,000 karibu na Joseph, Oregon, pamoja na biashara katika mji huo. Mwaka 1969 alifanya Support Your Local Sheriff!, ambamo anamcheza Pa Danby, baba wa majambazi aliye Clanton aliyepinduliwa kuwa kichekesho. James Garner anamchomekea kidole ndani ya mtutu wa bastola, na Brennan anaduwaa, hajui kama afyatue au aombe maelezo. Alifariki tarehe 21 Septemba 1974 Oxnard, California, kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na miaka 80.

Kwa anayetaka kuanza, mpangilio ni muhimu. Usianze na Rio Bravo ingawa ndiyo maarufu, kwa sababu utamwona Amos. Anza na The Westerner, kisha My Darling Clementine siku inayofuata, ili tofauti iwe mbichi. Baada ya hapo To Have and Have Not, na jaribu kurudia matukio ya Eddie ukiwa umezima sauti. Utaona kwamba mwili peke yake unaeleza kila kitu isipokuwa lile swali la nyuki. Red River tafuta nakala ndefu yenye kurasa za kitabu kati ya matukio, na ukiweza itazame pia ile fupi ambayo Brennan mwenyewe anasimulia kwa sauti, ujue ipi unaipendelea. Stumpy awe wa tano, Danby wa mwisho. Kentucky unaweza kuiacha.